Dawa unazomeza na maji yanayotoka tumboni: mwongozo kamili kwa mgonjwa wa PD na anayemuuguza

Huu ni kwa wale wachache wetu ambao figo zimefeli na wanafanya dayalisisi ya tumbo nyumbani, yaani PD, kusafisha uchafu wa mwili kwa maji yanayoingizwa tumboni kwa bomba kisha yanatolewa, wanaobadilisha maji wenyewe kwa mfuko mara tatu nne kwa siku, na kwa mtoto au mke au mpwa anayeshika lile daftari la vipimo. Nasema wachache kwa sababu Tanzania wagonjwa wengi wa dayalisisi wako kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa hiyo ukienda duka la dawa pale Ngamiani ukasema mgonjwa wangu yuko PD muuzaji anaweza kukuangalia tu, na ushauri wa jirani mwenye mgonjwa wa mashine mara nyingi haukuhusu. Mi ni nesi, nipo na wagonjwa wa figo hapahapa Tanga, na kinachonikera ni kimoja: maji yakianza kutoka kidogo nyumba nzima inakimbilia mfuko wenye sukari kali, hakuna hata mmoja aliyeuliza mgonjwa kaanza dawa gani juzi. Dawa kwanza, mfuko baadae.

Kwanza ujue maji yanatokaje

Tumboni kuna utando mwembamba umefunika matumbo na kuta za ndani, ukiutandaza wote eneo lake linakaribia la ngozi ya mwili mzima, na umejaa mishipa midogomidogo ya damu. Ukiingiza lita mbili, uchafu kama yurea na krietinini unahama toka kwenye damu kuja kwenye maji kwa sababu kule umejaa na huku haupo, na maji ya ziada ya mwili yanavutwa na sukari iliyomo kwenye mfuko. Wataalamu wanaeleza kuta za ile mishipa kama zina matundu ya aina tatu: makubwa machache yanayopitisha protini, madogo mengi yanayopitisha maji na chumvi na uchafu kwa pamoja, na madogo kupita yote yanayopitisha maji matupu bila chumvi, haya yanaitwa akwaporini, na Peter Agre aliyeyagundua akapewa Nobel ya kemia 2003. Wakati huohuo kuna maji yanarudi mwilini taratibu kupitia kwenye utando na mirija ya limfu, saa zote, hayasubiri. Kwa hiyo unachopima mwisho wa zamu, yaani toka kuingiza maji mpaka kuyatoa, ni yaliyovutwa kutoa yaliyorudi.

Sasa dawa inaweza kuingilia kwa njia nne na watu wanazichanganya sana. Inaweza kugusa mishipa ya utando wenyewe, ikapanua au ikabana. Inaweza kugusa mkojo uliobaki, maana wa PD wengi bado wanakojoa. Inaweza kugusa utumbo mpaka bomba likashindwa kutoa maji ambayo yapo. Au haigusi chochote ila inakudanganya macho, rangi ya maji inabadilika au kipimo cha sukari kinasema uongo. Vitabu vinapenda hiyo njia ya kwanza, wameandika kurasa na kurasa, lakini shida za majumbani kwetu karibu zote zinatoka kwenye hizo tatu za mwisho, ndo maana nitakaa huko zaidi.

Hatua ya 1: andika kila kinachoingia mwilini

Chukua daftari, kurasa mbili za kati, andika kila dawa, nguvu yake, saa ya kumeza na tarehe aliyoanza. Tarehe ndo muhimu kuliko yote na ndo watu hawaandiki. Usiandike za hospitali tu, weka na ya kuchua magoti, sindano aliyochomwa zahanati, vidonge vya mafua, dawa ya gesi, dawa ya choo, na mitishamba yote hata ile aliyoletewa na shangazi toka Lushoto kwenye chupa ya maji. Usimgombeze mgonjwa ukiikuta, ukimgombeza ya pili hutaiona.

Hapo kwenye mitishamba niseme moja la pwani. Birimbi, hizi hizi za kwenye achari na mchuzi, zina asidi ya oksaliki nyingi, na kuna watu wameripotiwa figo zao kuharibika baada ya kunywa juisi yake kwa wingi, na binamu yake lile tunda la nyota limeua wagonjwa wa figo, linaanza na kwikwi isiyokata halafu mtu anachanganyikiwa. Mgonjwa asiguse tunda la nyota kabisa na juisi ya birimbi aiache, hata akiambiwa inashusha presha.

Hatua ya 2: jua kawaida yake kabla ya kulaumu

Huwezi kusema dawa imepunguza maji kama hujui yalikuwa mangapi. Kila zamu andika yaliyoingia, yaliyotoka, nguvu ya mfuko na saa yalizokaa tumboni, na kila asubuhi uzito na presha. Halafu angalau mara moja kwa mwezi, au kila ukibadilishiwa dawa, kusanya mkojo wa saa 24 kwenye dumu ukaupime. Watu wanaruka huu mkojo kwa sababu ni kero, lakini bila huo daftari lote lina jicho moja.

Pima kwa mizani, siyo kwa macho. Mfuko ulioandikwa lita mbili kiwandani wanautia zaidi kidogo na kiasi kingine unakimwaga ukisafisha njia, kwa hiyo ukihesabu tu kwamba viliingia 2000 unaweza kujikuta na faida hewa ya mililita 100 kila zamu, kwa zamu nne hiyo ni 400 ambayo haikutoka mwilini kabisa. Mizani ya kuning'iniza kama ya wauza samaki inatosha, kilo moja hesabu lita moja, pima mfuko mpya kabla, pima uliobaki na uliotoka.

Kingine muulize daktari matokeo ya PET, kile kipimo cha saa nne kinachoonyesha utando wako unapitisha haraka au polepole. Wanalinganisha krietinini ya kwenye maji na ya kwenye damu: juu ya 0.81 wewe ni wa haraka, chini ya 0.5 ni wa polepole, katikati ndo wengi. Wa haraka uchafu unatoka vizuri ila sukari nayo inanyonywa upesi, kwa hiyo maji yakikaa saa nyingi yanaanza kurudi mwilini, wa polepole ni kinyume chake. Namba hii iandike kwenye jalada la daftari maana dawa ileile inaweza kumsumbua mmoja na isimguse mwingine.

Hatua ya 3: anza na dawa iliyomo kwenye mfuko wenyewe

Hakuna kidonge kinachobadilisha maji yako kama sukari ya mfuko. Nguvu ziko tatu, 1.5, 2.5 na 4.25 kwa mia, kwa mifuko ya Baxter kifuniko cha njano, kijani na chekundu, lakini we soma namba usiamini rangi kwa sababu kampuni zinatofautiana. Ule wa 1.5 unafikia kilele cha kuvuta mapema, kama saa mbili hivi, baada ya hapo maji yanaanza kurudi, kwa hiyo ukilala nao usiku kucha usishangae asubuhi yametoka pungufu. Huo si ugonjwa, ni hesabu.

Na huvuti bure. Kwa saa nne hivi zaidi ya nusu ya ile sukari inakuwa imeshaingia kwenye damu, kwa siku inaweza kufika gramu 100 mpaka 200, inanenepesha, inapandisha sukari na mafuta ya damu, na kwa miaka ndo inakomaza utando wenyewe, yaani inaufanya mgumu. Mifuko mikali ni ya kukopa, sawa ukope siku una maji mengi, ila usiishi kwa mkopo.

Kwa mwenye kisukari kuna jambo halisemwi vya kutosha. Sukari ya kwenye mfuko inavuta kwa sababu ni nyingi kuliko ya kwenye damu, sasa sukari ya damu ikipanda sana ile tofauti inapungua na maji yanatoka kidogo. Yaani aliyeruka insulini siku mbili, au kaanzishiwa predinisoloni ya pumu ikapandisha sukari, ataona mfuko kama umeishiwa nguvu. Watu wanaongeza mfuko mkali hapo, ambao unapandisha sukari zaidi, mnazunguka tu. Pima sukari kwanza. Insulini ya kuweka ndani ya mfuko ipo pia, ila sehemu kubwa inagandia kwenye plastiki kwa hiyo dozi yake ni tofauti kabisa na ya sindano, usijaribu nyumbani bila kupangiwa.

Halafu kuna maji ya aikodekstrini ya 7.5, haya si sukari ya kawaida, ni minyororo mirefu ya wanga ambayo inanyonywa polepole sana, ndo maana yanaweza kukaa saa 8 mpaka 16 bado yanavuta. Ni mkombozi wa wale wa haraka kwenye zamu ndefu. Lakini yana hatari moja ambayo nitaileta kwenye hatua ya 7, usiruke.

Kuhusu joto letu: katoni zisikae juani wala kwenye stoo ya bati. Sukari ya maji haya ikipata moto inazaa kemikali zinazoumiza utando, kiwango cha joto cha kutunzia kimeandikwa kwenye katoni, soma. Na kupasha mfuko ni mpaka joto la mwili tu, kwa joto kavu, usiuloweke kwenye sufuria ya maji ya moto.

Hatua ya 4: linda mkojo kama mboni ya jicho

Hii ndo hatua yenye pesa. Utafiti wa CANUSA wa Canada na Marekani ulipochambuliwa upya mwaka 2001 ulionyesha kila mililita 250 za mkojo kwa siku ziliendana na hatari ya kifo kupungua kwa asilimia 36, wakati usafishaji wa tumbo haukuonyesha tofauti ya hivyo. Kwa hiyo dawa inayogusa mkojo ni dawa ya PD hata kama haigusi tumbo.

Furosemidi, wengi mnaijua Lasix, haiongezi hata tone kwenye mfuko. Rudia hiyo kwa anayeimeza akisubiri mfuko ujae. Kazi yake ni mkojo, na kwa figo zilizochoka dozi inakuwa kubwa, kule Leicester Uingereza walitumia 250 mg kwa siku, matokeo yakatoka 2001, mkojo na chumvi vilitoka zaidi ingawa figo yenyewe haikulindwa isichoke. Kwa hiyo ukiona daktari kaandika dozi inayomtisha muuza dawa usiikate nusu kwa ushauri wa kaunta, mpigie daktari. Ila masikio yakianza kupiga miluzi sema haraka. Na kama mgonjwa hakojoi kabisa, ile Lasix anameza ya nini? Uliza, maana nimeona watu wanainunua miaka bila sababu.

Upande wa wabaya wa kwanza ni dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, ibuprofeni, indometasini, piroksikamu na ndugu zao. Wanabana damu inayoingia kwenye figo na mkojo unakatika. Sisi Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila diklofenaki ikishaingia nyumba yenye mzee wa magoti haiondoki, na inauzwa kama pipi. Maumivu anza na parasetamoli ndani ya dozi uliyopangiwa. Sindano za diklofenaki kataa, na ya kuchua nayo isipakwe mwili mzima kila siku ukidhani haiingii.

Gentamaisini, ile antibayotiki ya sindano, nayo inaweza kudhuru masikio na mizani ya mwili, mtu akawa anayumba akitembea. Inatumika kwa maambukizi ya tumbo na ina kazi yake, mradi iwe kozi fupi na kwa mpango, siyo ya kuchomwa mtaani kwa kila homa. Sindano ya rangi ya CT skani nayo kabla ya kuchomwa sema bado nakojoa, maana wakisikia dayalisisi wanadhani figo hazina cha kuokoa.

Hatua ya 5: za presha, nani rafiki nani wa kuangaliwa

Kundi la kaptopirili, enalapirili, ramipirili, na lile la losartani na valsartani, hawa nawaita marafiki. Hong Kong mwaka 2003 walifuata wagonjwa 60 wa PD kwa mwaka, nusu wakapewa ramipirili 5 mg, kazi ya figo iliyobaki ikashuka polepole zaidi kwa waliopewa. Kuna dalili pia kwamba wanapunguza kasi ya utando kubadilika kwa miaka, hiyo ichukulie kama bonasi. Shida yao ni potasiamu kupanda, na enalapirili ina kikohozi kikavu kinachokera.

Na hapa kwenye potasiamu ndo ushauri wa jirani unapoharibu. Wa mashine anakatazwa ndizi, machungwa ya Muheza, madafu, kila kitu, na ana sababu. Wa PD maji yake ya mfuko kwa kawaida hayana potasiamu hata kidogo, yanaivuta saa 24, ukiongeza Lasix na insulini inaweza kushuka chini ya 3.5, misuli inalegea, utumbo unalala na hata maambukizi ya tumbo yameonekana kuandamana na hali hiyo. Kwa hiyo usikopi orodha ya vyakula ya mtu, pima ndo uambiwe dafu unakunywa au hunywi.

Amlodipini na nifedipini kwenye uvutaji wa maji hawana shida ya kusema. Zinavimbisha vifundo vya miguu, kitu ambacho familia inasoma kama maji yamejaa wakati uzito haujapanda, angalia mizani kabla ya kuongeza mfuko mkali. Baadhi ya ndugu zao, lerkanidipini na manidipini hasa, wameripotiwa kufanya maji yatoke meupe kama yamechanganywa na tui, ni mafuta, siyo usaha. Lakini we nyumbani huwezi kutofautisha kwa macho, maji meupe ni hospitali.

Atenololi na propranololi zina jina baya toka zamani, kwa sababu ndugu yao mmoja, prakitololi, iliondolewa sokoni miaka ya 1970 baada ya kukomaza utando wa tumbo kwa watu ambao hata dayalisisi hawakuwa nayo. Za sasa ushahidi wake ni dhaifu. Usiache ghafla kwa sababu umesoma kitu mtandaoni, moyo utakuadhibu.

Yale mengine ya vitabuni nayapitia haraka: nitropurusaidi ikiwekwa tumboni inapanua mishipa na uchafu unatoka zaidi, pamoja na protini ambayo hukutaka itoke. Vasopresini na noradrenalini, za kupandisha presha ICU, zinabana na kupunguza. Steroidi, kundi la predinisoloni, za dozi kubwa zimeonekana kwa wagonjwa wachache kuongeza maji matupu kupitia zile akwaporini, kitu kitamu kwa watafiti ila isikufanye ununue predinisoloni, utapata sukari, mifupa laini na maambukizi. Amfoterisini ya fangasi ikiwekwa tumboni inachoma. Heparini ndani ya mfuko, mara nyingi yuniti 500 kwa lita, haiongezi uvutaji, inazuia nyuzinyuzi nyeupe zisizibe bomba na kwa kawaida hainyonywi kiasi cha kulainisha damu, inawekwa na aliyefundishwa tu.

Hatua ya 6: choo, choo, choo

Maji yameingia 2000 yametoka 1500 halafu mgonjwa akigeuka ubavu yanatoka mengine 400? Huo utando uko sawa, bomba ndo limesukumwa na utumbo uliojaa. Mimi kabla sijauliza kitu kingine chochote nauliza amepata choo lini, na nauliza kwa lugha ya wazi, siyo kila mtu anajibu swali la kistaarabu.

Wanaofunga choo ni hawa: vidonge vya madini ya chuma, kalisiamu kaboneti ya kubana fosfeti, tramadoli na kodeini, amitiripitilini. Wengi wa PD wana wawili watatu kati ya hao kwa pamoja, tena wameambiwa wapunguze maji na matunda, unategemea nini. Suluhisho si kuacha dawa, ni kumpa laktulosi kila siku au sena au bisakodili kwa mpango wa kliniki, lengo choo laini kila siku. Epuka dawa za choo na za kiungulia zenye magnesiamu, zile nyeupe za chupa, maana magnesiamu haina pa kutokea, na usitumie enema za fosfeti.

Hatua ya 7: dawa zinazodanganya macho na kipimo

Rifampisini ya TB inageuza maji ya tumbo yawe ya rangi ya chungwa kama inavyofanya mkojo na machozi. Kama maji ni ya chungwa lakini angavu, unaweka karatasi ya gazeti nyuma ya mfuko na unasoma maandishi, hakuna maumivu wala homa, basi tulia umwambie nesi. Kama herufi hazisomeki ni hospitali.

Sasa ile hatari ya aikodekstrini. Ikivunjwa mwilini inatoa sukari nyingine inaitwa maltosi, na baadhi ya mashine ndogo za kupima sukari kidoleni, zile za kemikali iitwayo GDH-PQQ, zinaihesabu maltosi kama glukosi. Mgonjwa sukari yake ni 3, mashine inasema 11, mnamchoma insulini. Kwa namna hiyo watu wamepoteza maisha kweli, sio stori. Anayetumia maji haya soma karatasi iliyo ndani ya boksi la vijiti, kama inataja GDH-PQQ au inaonya kuhusu maltosi au aikodekstrini usitumie, na tahadhari inaendelea wiki mbili baada ya kuacha maji hayo. Akilazwa popote, hata kwa ajali, nesi wa zamu lazima aambiwe, ikibidi andika kwa maka pen juu ya jalada la faili. Akitoka jasho, akitetemeka au kuchanganyikiwa huku mashine inasema iko juu, amini mwili.

Hatua ya 8: usimsingizie antibayotiki

Mara nyingi nasikia toka aanze sindano za tumbo maji hayatoki. Siyo sindano, ni maambukizi yenyewe. Utando ukiwaka mishipa inapanuka, sukari inanyonywa haraka, maji yanatoka kidogo na protini nyingi inapotea, na kawaida inarudi maambukizi yakiisha. Hospitali wanathibitisha kwa kuhesabu chembe nyeupe, zaidi ya 100 kwa maikrolita na zaidi ya nusu ziwe za aina ya nyutrofili, kwa hiyo leta ule mfuko wenye maji machafu, usiumwage. Siku hizo daktari anaweza kufupisha muda wa kukaa au kukupa aikodekstrini. Dozi ya antibayotiki malizia hata maji yakiangaza siku ya tatu.

Aliyepewa asaikloviri ya mkanda wa jeshi, au gabapentini, pregabalini au baklofeni, muangalie akili yake. PD inazitoa polepole sana na dozi ya mtu mwenye figo nzima inamjaa mpaka anaanza kuongea na watu ambao hawapo. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu ya kusafishia, isiingie kwenye viungio vya bomba, iliwahi kuhusishwa na utando kukomaa.

Hatua ya 9: soma daftari, badilisha kitu kimoja tu

Tuchukue mfano wa kubuni, bi mkubwa wa Makorora. Kawaida yake tumbo linatoa 700 za ziada kwa siku, mkojo 600, jumla 1300, uzito kilo 61, presha 135. Goti likamuuma akaanza diklofenaki mara mbili kwa siku. Baada ya wiki uzito 63, presha 165, miguu imevimba, watoto wanasema PD imegoma, tuweke wa 4.25. Fungua daftari: tumbo 680, karibu vilevile. Mkojo 200. Utando hauna kesi, kilichokatika ni mkojo, na mfuko mkali ungeficha kosa huku figo zinamalizika. Anaacha diklofenaki, anapiga simu kliniki, mnapima mkojo tena baada ya siku chache.

Ingekuwa kinyume, mkojo uleule 600 ila tumbo limeshuka toka 700 mpaka 300, unauliza kwa mpangilio: choo lini, bomba limekunjika au lina nyuzi, maji ni meupe, sukari ya damu ngapi, zamu ilikaa saa ngapi. Vyote vikiwa sawa ndo utando unaitwa mahakamani, na hukumu yake inatolewa na kipimo cha kliniki: mfuko wa 4.25, lita mbili, saa nne, yakitoka chini ya 400 za ziada basi kweli uvutaji umefeli. Kwa asiyekojoa kabisa, utafiti wa Ulaya wa EAPOS mwaka 2003 ulionyesha waliokuwa wakitoa chini ya 750 kwa siku walifanya vibaya zaidi, kwa hiyo hiyo namba iweke kichwani.

Usibadilishe dawa mbili na mfuko kwa wiki moja, hutajua nani kafanya nini. Na kabla hujalaumu chochote ondoa chumvi kwenye hesabu, wiki ya ng'onda na papa mkavu itamjaza mtu maji hata kama kila dawa iko sahihi.

Usisubiri daftari kama

Maji meupe au tumbo linauma, kapumua kwa shida akilala chali, uzito umepanda kilo mbili kwa siku mbili, kachanganyikiwa, kwikwi isiyoisha, au maji yameingia hayatoki kabisa hata akitembea na kugeuka. Nenda hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu huku umeshawapigia wanaokuhudumia PD, na ukifika sema mambo mawili mlangoni, anafanya dayalisisi ya tumbo, na anatumia maji gani.

Anayesafiri Dar kwa kliniki, ni kama kilomita 350 na joto la kwenye basi, beba daftari, vidonge kwenye pakiti zake halisi siyo vilivyomwagwa kwenye kopo, picha ya boksi la vijiti vya sukari kwenye simu, na zile kurasa mbili za kati zipige picha pia umtumie ndugu mmoja. Duka la dawa ukifika usiulize hii ni salama kwa figo, wengi watasema ndiyo. Uliza ina diklofenaki, ibuprofeni au magnesiamu ndani yake, soma wewe mwenyewe nyuma ya boksi, hasa zile za mafua na maumivu zilizochanganywa.